Faili za MIDI za marehemu Maalim: vipi nizitoe kwenye karatasi zisomeke?

FidlaMalindi aliandika:

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Napiga fidla katika kikundi kidogo cha taarab hapa Mjini. Tupo watu 11, tunafanya mazoezi baada ya Isha sebuleni kwa mwenzetu. Maalim wetu, aliyekuwa akipiga kinanda na kututungia, alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu. Ameacha kinanda na sanduku la disketi. Mjukuu wake alizipeleka kwa fundi zikahamishiwa kwenye flashi, na ndani yake mna faili 23 za MIDI. Nyimbo 23! Nyengine hatujawahi kuzipiga hata siku moja. Anayezikumbuka ni mzee wetu mmoja wa fidla, naye kazishika kipande huku kipande kule.

Familia imetupa ruhusa. Mama yake mjukuu aliniambia, "Zipigeni, msiziache zikalala humo."

Vijana wetu wanne wanasoma nota, wawili kati yao walipita DCMA, chuo cha muziki hapa Zanzibar. Kwa hiyo nikaona nizichape: fidla ya kwanza, ya pili, ya tatu, selo, bezi, akodiani, kila mmoja na karatasi yake. Nikafungua faili ya kwanza kwenye MuseScore, programu ya kuandika nota. Jamani! Wimbo wa dakika 4 umetoka kurasa 14. Nota za 1/32, mapumziko ya 1/64, pinde za kuunganisha zinazovuka baa mpaka baa (vile vyumba vya mapigo), alama zimejaa karatasini kama sisimizi waliovamia sukari. Nikibonya isikike, ni yeye mwenyewe Maalim, na kile kivuto chake mwisho wa ubeti. Karatasi yake lakini hakuna mtu duniani wa kuisoma.

Na jambo la pili linaloniuma zaidi: nyimbo zake za makamu ya Bayati, yaani ule mpangilio wa sauti wa Kiarabu, zinasikika vibaya kwenye kompyuta. Nota yake ya mi imepanda. Mzee wetu aliposikia alisema, "Huyu siye."

Nifanye nini? Tuna harusi mwezi ujao, na bibi harusi ni wa familia hiyo hiyo.

Mwanakwerekwe_Kijana:

Alaykum salaam. Kuna tovuti za kugeuza, unapandisha MIDI unapakua PDF, sekunde 10 umemaliza.

FidlaMalindi:

Nimejaribu mbili, ndugu yangu. Moja imenipa kurasa 16. Ya pili kurasa 12, na bezi imeingizwa ndani ya mkono wa kulia wa kinanda. Ahsante lakini.

FundiVuga:

Pole sana kwa msiba, ndugu.

Kabla ya kubonya chochote, jua kwanza kilichomo humo ndani. Faili ya MIDI haina sauti, wala haina nota. Ina kumbukumbu ya vidole. MIDI ilianza mwaka 1983 ili kinanda cha kiwanda kimoja kiweze kusemezana na cha kiwanda chengine, na faili yake ikasanifiwa mwaka 1988. Inachoandika ni hiki: kitufe namba 62 kimebonywa, kwa nguvu kadhaa, wakati kadhaa, kitufe namba 62 kimeachiwa, wakati kadhaa. Basi. Namba zake ni 128, kuanzia 0 mpaka 127, na do ya katikati ya kinanda ni 60. Hakuna humo palipoandikwa kwamba hii ni nota ya pigo moja au hii ni mi flati, yaani mi iliyoshushwa nusu toni. Hiyo ni kazi ya anayeandika karatasi.

Wakati wenyewe unahesabiwa kwa tiki. Vinanda vingi hugawa pigo moja katika tiki 480. Nota ya nusu pigo kwenye karatasi ni tiki 240 kamili. Kidole cha Maalim hakikuwa kikipiga 240, kilianza tiki 9 baada ya pigo na kikaachia baada ya tiki 221. Wewe unasikia utamu. Programu, ikiachiwa iandike ilichokiona, inaandika pumziko dogo, halafu nota yenye nukta, halafu upinde, halafu pumziko jengine. Ndio sisimizi wako hao.

Swali langu la kwanza ni hili: alirekodi akifuata mdundo wa kinanda, au alipiga huru? Washa metronomu ya programu, ile inayogonga mapigo, na usikilize faili mpaka mwisho. Zikienda pamoja, kazi ni nyepesi. Zikiachana, mistari ya baa unayoiona haina maana yoyote. Faili isiyotajiwa mwendo huchukuliwa kuwa mapigo 120 kwa dakika, 4/4, hata kama mwenyewe alipiga chengine kabisa. Hizo usianze kuzisafisha nota, utapoteza siku. Tenga pembeni.

Kwa zile zinazokwenda na metronomu, mimi natumia MuseScore 3, kwa sababu ya ile paneli yake ya kuingizia MIDI inayojitokeza chini ukifungua faili. Humo unaiambia nota ndogo kabisa iwe ipi. Wimbo wa mwendo wa kawaida anza na 1/8, ukiona umepoteza kitu panda 1/16. Idadi ya sauti kwa kila mstari weka 1 kwa fidla na bezi. Kule kwenye kurahisisha urefu wa nota weka alama ya ndiyo. Palipoandikwa kwamba ni uchezaji wa binadamu, usiweke alama, kisha bonya kitufe cha kutekeleza uangalie. Hakuna kinachoharibika, faili ya asili inabaki ilivyo.

FidlaMalindi:

Nimekesha, lakini nimefurahi. Katika 23, faili 17 zinakwenda na metronomu kama mume na mke. Alikuwa akiwasha mdundo wa kinanda. Zilizobaki 6 amepiga huru.

Ule wa kurasa 14 sasa una kurasa 5. Nimeona nota ya pigo moja iliyo ya pigo moja kweli!

Lakini kuna mambo mawili. La kwanza, nyimbo mbili za chakacha zimetoka kila pigo limewekewa kijitatu juu yake, ile alama ya nota tatu ndani ya pigo moja, ukurasa mzima 3, 3, 3, 3. La pili, bezi imeandikwa chini kabisa ya mistari, imening'inia kwenye vimistari vya ziada vinne mpaka vitano.

Kwaya_Kigamboni:

Habari za Zanzibar. Mimi ni mwalimu wa kwaya huku Bara, kila wiki natengeneza faili za MIDI za sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne ili wanakwaya wasikilize kwenye simu, kwa hiyo balaa hili nalijua.

Hiyo ya vijitatu ina dawa moja ninayoipenda sana. Chakacha ni 6/8, yaani kila pigo kubwa lina vipande vitatu. Maalim alirekodi huku kinanda kikiamini ni 4/4, hivyo kila pigo la tiki 480 limekatwa mara tatu, yaani tiki 160 kila moja. Unataka hizo tiki 160 zisomeke kama nusu pigo la kawaida. Badala ya kugusa nota hata moja, badilisha kipimo chenyewe. Kichwa cha faili ya MIDI kinataja pigo lina tiki ngapi. Ukiiambia kwamba pigo ni tiki 320, basi 160 ni nusu yake, na vijitatu vyote vinatoweka.

Fungua nakala ya faili (nakala, tafadhali) kwa programu yoyote ya kuhariri baiti, yaani zile namba zinazounda faili (hex editor). Faili inaanza na herufi MThd. Hesabu mpaka baiti ya 13 na ya 14. Kama ni tiki 480 utakuta 01 E0, ndivyo kompyuta inavyoiandika 480. Badilisha E0 iwe 40. 01 40 ni 320. Hifadhi. Baiti moja tu! Kisha ifungue MuseScore na uiburutie alama ya 6/8 mwanzoni, itajipanga upya. Mwendo utasikika umepungua, kwa hiyo zidisha namba ya mwendo kwa moja na nusu: iliyokuwa 100 iandike 150.

Kama kichwa chako kina namba nyengine, si 480, igawe kwa 3 uzidishe kwa 2. Hesabu ni ile ile.

FidlaMalindi:

Subhanallah. Nimebadilisha E0 kuwa 40 na ukurasa umesafishika mbele ya macho yangu. Nimemwita mke wangu aje kuangalia, yeye hasomi nota lakini akasema, "Sasa inaonekana kama maandishi."

BrasiMstaafu:

Wanangu, salaam. Mimi nimepiga tarumbeta katika bendi ya kikosi miaka 26, na nota zetu tulikuwa tukizinakili kwa mkono, kwa kalamu ya wino, kila mpigaji karatasi yake. Kwa hiyo nizungumzie karatasi yenyewe, maana naona mmeshughulika na kompyuta tu.

Bezi. Waya wake wa chini kabisa ni mi ambayo kwenye MIDI ni namba 28. Faili inataja sauti inayosikika, lakini mpigaji wa bezi husoma oktavu moja juu ya inayosikika. Desturi hiyo ni ya zamani na ipo ili nota zikae ndani ya mistari. Nenda kwenye sifa za mstari ule, badilisha ala kutoka kinanda iwe kontrabezi, na nota zitapanda zenyewe. Usizipandishe kwa mkono, utamtoa nje ya wenzake.

Fidla. Waya wake wa chini ni sol, namba 55. Maalim alikuwa akipiga sauti ya fidla kwa kinanda, na kinanda hakina mpaka huo. Utakuta nota za 52, 50. Fidla haziwezi, umpe selo, ambaye anashuka mpaka 36. Pitia zote kabla hujachapa, usije ukaligundua hilo wapigaji wameshakaa vitini.

Ngoma futa. Kwa faili zinazofuata mpango wa kawaida, ngoma huwa kwenye chaneli ya 10, na programu itakuandikia misalaba mingi isiyo na faida. Mpiga dumbak na mpiga rika hawasomi misalaba, wala hawana haja. Andika juu kabisa jina la mdundo, "wahed" au "chakacha", na pale unapobadilika andika tena. Wao wanajua la kufanya.

Ukubwa. Wenye macho ya miaka 60 tupo. Nafasi baina ya mstari na mstari mimi naitaka milimita 2 kamili, maana sebuleni taa ni moja na karatasi inasomwa na watu wawili. Baa 4 kwa mstari zinatosha. Mwisho wa ukurasa uwe pale mpigaji anaponyamaza, si katikati ya mbio, ili apate mkono wa kugeuza. Na acha ukingo wa kutosha upande wa kushoto, mtazitoboa.

Ukienda kuchapa, mwambie wa steshenari karatasi ni A4 na asikubali kompyuta ipunguze ili itoshe. Iwe asilimia 100. Niliwahi kupelekea karatasi za gwaride dukani, mashine ilikuwa imewekewa saizi ya Kimarekani ambayo ni fupi kuliko A4 karibu sentimita 2. Mstari wa chini wa kila ukurasa haukutoka. Tuligundua uwanjani.

FidlaMalindi:

Mzee wangu, shikamoo, na ahsante sana. Nota zilizo chini ya 55 nimezikuta mahali 9. Zote nimempa selo, na nadhani ndivyo Maalim alivyokusudia, maana zinaingia ule mwendo wa kujibu.

Bado ile mi.

Bi_Ganuni:

Nilikuwa nasoma kimya kimya nikingoja mtu aizungumze hii mi.

Mimi nafundisha ganuni. Bayati ya re ni re, mi nusu flati, fa, sol, la, si flati, do. Hiyo mi ipo katikati, baina ya mi flati na mi yenyewe, chini ya mi kwa senti 50, na nusu toni nzima ni senti 100. Kwenye ganuni tunaipata kwa kuinua au kushusha vile vijichuma vya mandali. Kwenye fidla unaitafuta kwa kidole na sikio. Kwenye kinanda cha kawaida haipo.

Maalim alikuwa na kinanda chenye vitufe vya kushusha sauti moja moja, naamini. Alishusha mi kwa senti 50 halafu akapiga kitufe cha mi kama kawaida. Kinanda kikaimba nusu flati, lakini faili ikaandika alichokigusa: kitufe namba 64. Ile shusha ilibaki ndani ya kinanda chake, au pengine imo ndani ya faili kama ujumbe maalumu wa kiwanda, ambao programu za kuandika nota hazijishughulishi nao. Kompyuta yako ikapiga 64 kavu. Ndiyo sababu mzee akasema siye.

Wapo wanaofanya kwa njia nyengine, kwa gurudumu la kupinda sauti. Huko namba zinakwenda 0 mpaka 16383, katikati ni 8192, na kwa kawaida gurudumu zima linapinda toni moja kila upande, kwa hiyo robo toni ni hatua 2048 chini ya katikati, yaani 6144. Ukifungua orodha ya matukio ya faili ukakuta 6144 kabla ya kila mi, basi ndiyo hiyo. Programu ya nota nayo hiyo haiiandiki.

Kwa hiyo kompyuta haitakusaidia hapa. Utaiandika wewe. Alama yake ni flati iliyokatwa kwa kistari, na MuseScore inayo katika kapu la alama za ziada. Kwa wimbo ambao wote ni Bayati, usiibandike kwenye kila mi, tengeneza alama za mwanzo wa mstari zako mwenyewe: si flati na mi nusu flati. Wanafunzi wangu wakiona hizo mbili mwanzoni wanajua wapo Bayati kabla hawajapiga chochote.

Lakini sikiliza, mwanangu, hapa ndipo penye kazi yenyewe. Bayati haikai Bayati wimbo mzima. Maalim akitoka kwenda Hijazi, makamu nyengine, kwenye ubeti wa pili, hiyo mi inakuwa flati kamili, namba 63, na fa inakuwa shapu, yaani inapanda nusu toni, namba 66. Faili inajua 63 na 66 tu. Programu ikiachiwa itakuandikia re shapu badala ya mi flati, kwa sababu kwake ni kitufe kimoja. Mpigaji akiona re shapu katikati ya Hijazi anapotea, kidole kinakwenda pasipo. Chagua nota, bonya J, itabadilika jina. Na kwenye makamu ya Rasti, nota ya si wimbo ukipanda ni nusu flati, ukishuka mara nyingi ni flati. Faili itakuonesha 71 na 70, na ile 71 utakuta imeandikwa si ya kawaida, ambayo siyo.

Na ikiwa alizima ile shusha katikati ya wimbo, 64 ya mwanzo na 64 ya baadaye ni sauti mbili tofauti zenye namba moja. Hapo hakuna wa kukwambia isipokuwa huyo mzee wenu. Mketishe, mpigie faili polepole, na penseli iwe mkononi.

Mkongwe_NgAmbo:

Naomba niseme. Taarab yetu haikuingia kwa karatasi. Sayyid Barghash alipompeleka Mohammed Ibrahim Misri kujifunza ganuni, alirudi na mikono na masikio. Siti binti Saad mwaka 1928 alipokwenda Bombay kutia sauti kwenye santuri hakubeba nota. Mkimfunga Maalim wenu kwenye mistari mitano, vijana watapiga kilichoandikwa na hakuna kingine. Fidla nne zitakuwa kama fidla moja. Utamu wetu ni kila mtu kuupamba wimbo kwa njia yake.

Bi_Ganuni:

Kaka, la mapambo nimekubaliana nawe kabisa. La karatasi sikubaliani. Waarabu wenyewe walikaa Cairo mwaka 1932 kwenye mkutano wa muziki wakajadiliana hizi robo toni zihesabiwe na ziandikwe vipi, kwa sababu waliona kisichoandikwa kinategemea umri wa mtu mmoja. Hawa ndugu zetu wana mzee mmoja tu aliyebaki.

Andikeni mifupa. Kila pambo alilolipiga Maalim siku ile aliporekodi, kila mtetemo na kila nota ya kupitia, futeni. Likibaki pambo moja ambalo wimbo hauwezi kutambulika bila ya hilo, hilo liacheni.

Mkongwe_NgAmbo:

Mifupa nakubali. Na msifute zile faili.

FundiVuga:

Hazifutwi. Weka nakala mahali patatu, kimoja kisiwe nyumbani kwako.

Na nyongeza kwa zile 6 alizopiga huru. Usiziingize MuseScore moja kwa moja. Zifungue kwenye programu ya kurekodia, mimi natumia Reaper, usikilize huku ukiweka alama ya baa kwa mkono kila linapoanguka pigo la kwanza, mpaka mwendo wa programu uufuate mkono wa Maalim na si kinyume chake. Kisha toa MIDI upya. Wimbo mmoja ni kama saa moja na nusu. Kama moja wapo ni samai, ule muziki wa ala wa Kiarabu, kumbuka ni 10/8, na makundi yake ni 3, 2, 2, 3. Ukiilazimisha 4/4 hutamaliza.

FidlaMalindi:

Ipo moja ya namna hiyo! Nilidhani Maalim amekosea hesabu. Mungu anisamehe.

Mchangamdogo_Pemba:

Ndugu, salaam kutoka Pemba. Mimi si mpigaji, natunga mashairi. Naomba uniambie maneno yamo?

FidlaMalindi:

Maneno yapo kwenye daftari lake, mwandiko wa mkono. Kwenye faili ipo sauti ya mwimbaji ameipiga kwa nai (sauti ya filimbi), chaneli yake peke yake.

Mchangamdogo_Pemba:

Basi una kipimo bora kuliko metronomu. Kama katunga kwa desturi, mshororo una mizani 16, nane kwa nane. Weka silabi chini ya nota, moja moja. Zikizidi au zikipungua, ama mwimbaji anaivuta silabi, ama kompyuta imekula nota.

FidlaMalindi:

Nimerudi. Nimefanya kama alivyosema ndugu wa Pemba, kwenye wimbo wa 4. Mshororo wake ni huu:

*Nimekaa barazani, nakusubiri upite*

Kipande cha kwanza, ni-me-ka-a-ba-ra-za-ni, nota 8, kila kitu kimekaa. Kipande cha pili nota 7. Nikahesabu tena. Saba. Nikarudi kwenye faili ya asili nikatazama kitufe kwa kitufe: pale "na-ku", Maalim amegusa la mara mbili haraka haraka, namba 69 na 69, kila moja robo ya pigo. Mimi nilikuwa nimeiambia programu nota ndogo iwe 1/8, na ya pili ikaunganishwa na ya kwanza. Nimeifungua upya kwa 1/16, "ku" ikarudi. Bila ya mizani 16 ningeichapa hivyo, na mwimbaji angemeza silabi ukumbini mbele ya familia.

Sasa nimezirudia zote 17 kwa maneno. Nimekuta silabi tano zilizoliwa, katika nyimbo tatu.

BrasiMstaafu:

Hiyo ndiyo kazi. Ukimaliza, kila mpigaji mtolee karatasi yake kwenye programu, si mistari yote kwa pamoja. Na mapumziko marefu yakusanywe, kama ananyamaza baa 12 iandikwe baa moja yenye namba 12 juu, asihesabu vyumba vitupu.

FidlaMalindi:

Leo ni Alkhamis usiku, nimetoka mazoezini na naandika kabla sijalala.

Tumechapa nyimbo 6. Saizi 100, A4, nimesimama mwenyewe juu ya mashine mpaka ikamaliza. Bezi ana ukurasa mmoja na nusu. Fidla kurasa mbili, inageuzwa wakati akodiani iko peke yake.

Mzee wetu wa fidla hasomi nota. Nilimpa karatasi hata hivyo, kwa heshima. Aliishika, akawa anawasikiliza vijana wanavyopiga ule wimbo wa Bayati. Mwanzo mi ilikaa, nilimwona akitikisa kichwa kukubali. Walipofika ubeti wa tatu akanyanyua mkono. "Hapo. Rudini." Wakarudi. "Hapo Maalim alikuwa kaingia Rasti ya sol kwa kitambo kidogo, fa haikuwa fa hii, ilikuwa juu kidogo." Kijana wa selo akauliza juu kiasi gani, na mzee akachukua fidla yake akaipiga. Ni nusu shapu. Kwenye faili ni 65, fa kavu kabisa, kwa sababu kitufe kilikuwa kimepandishwa ndani ya kinanda. Hakuna programu ambayo ingeliona.

Nikampa penseli. Akaniuliza alama yake ikoje, nikamwonesha ile shapu yenye mguu mmoja, na akaichora mwenyewe kwenye baa ya 27, polepole, kubwa kuliko nota zote za ukurasa. Kisha vijana wote wakanakili kwenye zao.

Nimeirekebisha kwenye kompyuta usiku huu, lakini karatasi yake sitaibadilisha.

Bi_Ganuni, Jumamosi unaweza kuja kumsikiliza kwenye zile mbili za Hijazi? Kuna mahali penye 64 siwezi kupaamua peke yangu.

Bi_Ganuni:

Nitakuja baada ya Alasiri, inshaallah. Nakuja na ganuni.